Mgongo wa Mwosha

Miye huosha maiti. Wanawake tu, wanaume wana waoshaji wao. Kazi hii niliianza sijazaa bado, kule Mwera, nyuma ya bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akinishikisha kata ya maji na kunikataza kuuliza maswali. Shule niliishia darasa la tatu. Kuandika nimekumbuka tena kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa kombo, iache ilivyo. Nitakayoandika ni habari ya mgongo wangu na ya bibi mkubwa, maana hayo mawili yalikwenda pamoja na siwezi kuyatenga.

Bibi mkubwa ni mke mwenzangu. Marehemu mume wetu alimwoa yeye, kisha akaniongeza miye. Miaka ya mwanzo hatukupendana, sitasema uongo. Siku moja nilipika samaki wa kupaka, mume akasifu mbele yake, basi mwezi mzima wa Ramadhani yule mwanamke hakunijibu salamu. Na miye sikuwa mwema. Nilikuwa nikianika nguo zangu kwenye kamba yake makusudi. Yalikwenda hivyo mpaka mume akafa, tukakaa eda pamoja, chumba kimoja, hapa hapa Mabawa, miezi minne na siku kumi. Kaa chumba kimoja na mtu miezi minne na siku kumi, hutoki, hujipambi, huna wa kugombea tena. Ama mtauana, ama mtakuwa ndugu. Siye tukawa ndugu.

Ndani ya eda hiyo aliniachia wasia. Alisema, "Miye nikitangulia, nioshe weye. Kwa mikono yako." Sababu niliijua. Mwilini mwake palikuwa na jambo ambalo alilificha umri wake wote, na hakutaka mwanamke mwingine alione hata akiwa maiti. Jambo lenyewe silisemi. Mwosha hasemi alichokiona kitandani, na hata hicho nilichokiona yungali hai sikisemi. Nikamkubalia. Wakati huo nilikuwa na nguvu, namgeuza mtu mnene peke yangu.

Mgongo uliniharibikia Pongwe. Niliitwa kuosha mama mmoja mzito, kitanda kimewekwa chini mno juu ya shimo linalopokea maji ya kuoshea, wenzangu wawili wanaogopa kushika. Nikamgeuza mwenyewe. Hapakulia kitu, hapakukatika kitu, lakini kuanzia siku hiyo kiuno changu hakikuwa changu. Nikiinama kinanishika, nikinyanyuka kinanishika. Nimepakwa mafuta ya nazi yenye karafuu, nimeumikwa chuku, zile pembe za kunyonya damu, mgongo mzima mpaka nikafanana na chui, nimekunywa vidonge mpaka tumbo likaanza kuniwaka. Miaka ikaenda. Watu wakaniwekea kiti, nikawa naosha kwa mdomo. Nakaa, naelekeza: mgeuze ubavu wa kulia kwanza, maji ya mkunazi hayo, karafumaiti mwisho, usimvute hivyo, angekuwa mzima angekupiga. Wenye kufiwa waliridhika, maana elimu ilikuwa ni ile ile.

Bibi mkubwa peke yake hakuridhika. "Wasia wangu ni mikono," akasema. "Mdomo wako nimeusikia miaka yote, unanitosha."

Kisha akaugua. Ini. Tumbo likajaa maji, miguu ikavimba, macho yakawa manjano kama embe bivu. Hospitali wakamtoa maji mara mbili, mara ya tatu wakatuambia tumpeleke nyumbani tumtunze. Wakampa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, kijiko kimoja asubuhi, kingine jioni. Siku tuliyomrudisha, hata hajalazwa vizuri, akaniuliza, "Mgongo wako vipi?"

"Vile vile."

"Basi ufanye haraka."

Yeye ana binti mmoja, anakaa Pongwe na mumewe, lakini siku hizo alikuwa kwetu kumuuguza. Miye nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, huo mgongo ukiwa mzima, na huniita mama mdogo. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba madaktari bingwa wanakuja hospitali kwa wiki mbili, na kwamba miongoni mwao yumo mtu wa maumivu ya mgongo ambaye hapasui. Anaingiza sindano ndefu, anatazama kwenye mashine, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nikasema ikiwa hapasui nitakwenda. Kisu nakiogopa.

Tukaenda kwa bajaji. Benchi la kungojea lilikuwa limejaa, wanaume na wanawake pamoja. Muuguzi akatoka na karatasi mkononi, akaita kwa sauti, "Bibi wa mshipa ni nani?"

Ngojeni niwaeleze wa mbali. Huku kwetu pwani ukisema mtu ana mshipa, watu wanafahamu ni maradhi gani, nayo ni ya wanaume. Ni yale ya chini, yanayomfanya mzee atembee kapanua miguu na kushona kanzu kubwa. Mume wetu alikuwa nayo, Mungu amrehemu, na halikuwa siri mtaani. Sasa muuguzi anaita bibi wa mshipa. Mzee mmoja mwenye bakora akageuka akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Bibi, wewe umeupataje?" Benchi zima likacheka. Binti akainamisha uso. Nikamjibu yule mzee, "Nimerithi." Nikaingia ndani.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, aliniamkia shikamoo vizuri nami nikamwitikia marahaba. Akanishikashika kiuno, akanikunja, akanikunjua, akatazama picha. Akasema mshipa anaosema si huo wa wazee wetu. Ni vijishipa vyembamba pembeni mwa pingili za mgongo, ndivyo vinavyopeleka habari ya maumivu kichwani. Pingili zangu zimesagika, hawezi kuzirudisha, ila anaweza kumnyamazisha mpeleka habari. Akasema hivi, nakumbuka, "Leo tutavitia ganzi tuone kama ndivyo vyenyewe. Tukiona ndivyo, safari ijayo tutavichoma."

Hapo ndipo nilipopotea. Sindano kwetu huchomwa. Ukienda zahanati na homa unarudi unasema nimechomwa. Kwa hiyo daktari aliposema kuchoma, miye nilisikia sindano. Na sindano walinichoma siku hiyo, tena si moja. Nililazwa kifudifudi kwenye meza ngumu, lile limashine limenikalia juu kama mkono uliokunjwa, likilia kidogo kila linapopiga picha. Nikachomwa upande huu, nikachomwa upande ule. Nilisikia baridi inatambaa kiunoni, kisha sikusikia kitu. Nikajua yamekwisha.

Nikashuka mezani. Nikainama kuvaa ndala. Nikasimama. Nikainama tena, makusudi. Hakuna kitu. Muuguzi alimpa binti karatasi akamweleza aandike kila saa hali yangu, lakini binti alikuwa analia kwa furaha na karatasi akaitia kwenye mkoba pamoja na mengine.

Nyumbani nilifagia uwanja. Nikafua. Nikamnyanyua bibi mkubwa kutoka kitandani, miye na mikono yangu miwili, nikamketisha kwenye mkeka barazani, majirani wanatazama.

"Umepona?" akaniuliza.

"Nimepona."

"Hivi hivi?"

"Wamenichoma mshipa."

Akasema, "Mume wetu nimemuuguza na wake mpaka amekufa nao. Weye wako umetolewa kwa sindano. Duniani kuna upendeleo." Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka, akaniomba nimwogeshe, nimvishe kanga ile mpya, nimwitie binti yake. Nikafahamu anafanya nini. Anajifunga safari. Alikuwa anangoja jambo moja tu, nalo limekamilika. Nikamwogesha. Akamwita binti akamuusia habari ya kisima, habari ya kuku, habari ya shangazi yake wa Mwera ambaye asisemwe vibaya. Akataka apewe maji ya kunywa, akanywa, akalala chali kuitazama dari. Uso wake ulikuwa umetulia, sijapata kuuona hivyo.

Magharibi nikachota maji ya kutawadha. Nikainama kuosha mguu. Kikanishika.

Kilinishika kama siku ile ya Pongwe, kama vile hakijawahi kuondoka. Nikabaki pale uwanjani nimeinama, kopo limeanguka, siwezi kwenda juu wala chini. Binti akaja kunishika. Na bibi mkubwa, pale kitandani, mlango uko wazi, ananiona.

"Dawa ya nusu siku," akasema. Akageuka akatazama ukutani. Baadaye kidogo akaomba uji, ingawa siku mbili nyuma alikuwa hataki uji.

Binti akaitoa ile karatasi, akapiga simu hospitali. Muuguzi akamwambia mbona ndivyo inavyotakiwa? Lile lilikuwa jaribio. Ganzi ikiondoka na maumivu yakirudi, maana yake vijishipa vimepatikana, sasa arudi akachomwe. Binti akasema, "Si amekwishachomwa?" Muuguzi akasema, "Alichomwa sindano. Sasa achomwe kwa moto." Siyo moto wa kuni, akafafanua, ni ncha ya sindano inatiwa joto, inaunguza mshipa peke yake.

Nikakataa. Nilikuwa nimeona haya. Nimeufagia uwanja mbele ya Mabawa nzima, nimemwambia mgonjwa nimepona, mgonjwa kajifunga safari, halafu naokotwa kwenye maji ya kutawadha. Na sasa waniunguze. Nikasema hapana, nimezeeka, niacheni na kiti changu. Nilikaa na hilo hapana siku tatu nne. Siku ya tano bibi mkubwa akaniita.

"Nani anayengoja hapa?" akaniuliza. "Ni weye au ni miye?"

"Ni weye."

"Basi unakataa nini kisicho chako?"

Nikaenda. Safari hii benchini sikusema na mtu. Meza ile ile, mashine ile ile. Wakanitia ganzi ya juu juu, wakaingiza sindano. Daktari akasema kabla hajaunguza atapitisha umeme mdogo kwanza, nimwambie ninachosikia.

"Unasikia nini, bibi?"

"Kama simu inayotetemeka mfukoni."

"Mguuni husikii kitu?"

"Mguuni hapana."

"Vizuri. Sasa tulia."

Nikatulia. Nilitegemea harufu, maana nyama ikiungua naijua. Hapakuwa na harufu. Hapakuwa na sauti isipokuwa mlio mdogo wa kuhesabu. Mahali pakiisha wanahama mahali pengine. Niliufikiria mkono wa bibi mkubwa, jinsi ulivyokuwa mwepesi siku zile, kisha nikaacha kufikiri. Miye si mtu wa kulia. Waoshaji wengi si watu wa kulia, ama walikuwa wakilia wakaacha.

Daktari akaniambia, "Usiangalie leo wala kesho. Kwanza utaumwa zaidi. Ngoja wiki mbili, pengine tatu." Akaniambia pia haitakuwa ya milele, kijishipa huota tena baada ya miezi, na kikiota naweza kurudi. Nikamwuliza kama yule mgonjwa wangu wa nyumbani naye anaweza kuchomwa kijishipa cha tumboni asisikie maumivu. Akaniuliza anaumwa nini, nikamweleza. Akasema huyo, kwa alipofika, waendelee na dawa ya maji.

Nikaumwa kweli. Wiki ya kwanza nilijuta. Asubuhi kila siku, nikimpelekea bibi mkubwa uji, lilikuwa neno la kwanza kwake.

"Tayari?"

"Bado."

"Basi na miye bado."

Akinywa vijiko viwili vya uji, analala. Kesho yake vivyo hivyo. Binti akisikia anatoka nje. Majirani waliokuja kumwona walikuwa wakisema Mungu anamrefushia. Miye nilijua anavyojirefusha mwenyewe, na ilivyokuwa ikimgharimu. Ngozi yake ilikuwa inawasha, anajikuna mpaka inatoka damu, maji ya tumbo yanamkaba asiweze kulala ubavu. Dawa ya maji tukaambiwa tuongeze, tukaongeza. "Tayari?" "Bado." "Basi na miye bado."

Wiki ya tatu, Jumapili, kijiko cha uji kilianguka chini nikakiokota. Nilisimama na kijiko mkononi nikikitazama. Nikakiweka mezani. Nikakiangusha tena, nikakiokota tena. Hakuna kitu. Kiuno kilikuwa kimya. Nilipojipapasa kwa nyuma, ngozi ya hapo nayo ilikuwa imekufa ganzi, najikuna sijisikii, kama najikuna juu ya gauni la mtu mwingine. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi wala sikuhuzunika. Nikaosha kijiko, nikachukua uji nikaingia.

"Tayari?"

"Bado," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Neno lilikwenda lenyewe. Jumatatu nikasema bado. Jumanne nikasema bado, na nikiingia chumbani kwake nilikuwa natembea kwa kushika ukuta. Hata binti sikumwambia. Usinihukumu upesi. Nimeosha watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikarudi nyumbani nikala ubwabwa. Lakini kwenye nyumba hii, nikirudi kutoka kuosha, yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza, "Alikuwa mzito?" nami namwambia, na ndio mwisho wa siku hiyo. Sikujua nikimwosha yeye nitarudi kwa nani.

Alhamisi shuka lake lilikuwa limelowa. Alikuwa amelala, au nilidhani amelala. Nikaingiza mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, nikamgeuza ubavu nilivyozoea kugeuza, taratibu, mwili mzima kwa mara moja, nikavuta shuka kwa chini. Nilipotazama uso wake, macho yalikuwa wazi.

"Hivyo ndivyo utakavyonigeuza," akasema.

Nikalikunja lile shuka lililolowa.

"Toka lini?"

"Leo."

"Mwongo."

"Toka Jumapili."

Akahesabu. Ilimchukua muda. "Umeniweka siku nne."

"Nilikuwa siko tayari."

"Nani aliyekuuliza weye?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mtu ambaye chumvi imezidi kwenye mchuzi lakini atakula. Nikamaliza kutandika. Akaniambia nimgeuze tena upande wa pili, si kwa sababu ya shuka. Nikamgeuza. Akasema, "Mikono yako ya baridi." Basi.

Ijumaa hakuomba uji. Hakuuliza tena. Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wanarudi kutoka sokoni, binti alikuwa anamsomea, roho ikamtoka. Nilikuwa nimemshika mguu.

Tulimwosha uwanja wa nyuma, tumezungusha kanga na mashuka pande zote. Kitanda kiliinuliwa kwa matofali, nikaamuru kishushwe, nikasema nataka pale pale nilipozoea. Tulikuwa wanawake watatu, binti akiwa kichwani. Nilipofika pahali pake pa siri niliwaambia wenzangu wote wawili washike shuka juu na wageuze nyuso, wakageuza. Nilipita kwa kitambaa nikijua nilipo bila kutazama. Hakuna aliyeona. Hilo lilikuwa ndilo aliloniomba, na lilikwisha kwa dakika chache, wala halikuwa gumu.

Mengine yakaenda kama yanavyokwenda. Upande wa kulia, upande wa kushoto, maji ya mkunazi, maji safi, maji ya karafumaiti. Nywele binti akazisuka mikia mitatu. Alikuwa mwepesi, hata na maji yale ya tumboni. Watu waliniambia baadaye kwamba waliniona nimeinama muda wote bila kiti wakasema alhamdulillahi, bibi amepona. Kweli nilikuwa nimepona. Nilikuwa nikingoja nisikie chochote, kiunoni au kifuani, sikusikia.

Nikamfuta maji. Nikamfuta tena miguu ambayo ilikuwa imekauka. Miaka yote ya kazi hii, mgongo ndio uliokuwa ukiniambia basi, inuka, umemaliza. Siku hiyo haukuniambia kitu. Nikaendelea kuinama pale, kitambaa mkononi, mpaka binti akaja upande wangu.

"Mama mdogo," akasema, "sanda iko tayari."

Nikamwuliza, "Alikuwa mzito?"

Akanitazama. Kisha akanishika bega, akaninyanyua.